Kamera ya Kujaribia

Mimi ni fundi saa, na kama kuna kitu kinachonipandisha mori ni mtu anayepoteza muda. Kwa hiyo msinilaumu kwa jinsi nilivyomchukulia yule mwalimu siku za mwanzo.

Duka letu ni chumba kimoja chenye meza ndefu ya kioo, na katikati ya meza umebandikwa mkanda mwekundu. Kushoto kwa mkanda ni kwangu: saa za mkono, saa za ukutani, betri ndogondogo, na bisibisi ambazo nikipiga chafya zinapotea. Kulia ni kwa mdogo wangu wa kike, anayeuza kamera. Duka tuliachiwa na baba, na mkanda aliubandika mama, maana alikuwa anatujua.

Nina taratibu zangu mbili. Ya kwanza, hakuna kitu chenye saa ndani yake kinachotoka dukani kwetu kabla sijakiwekea saa sawasawa, kiwe simu, redio au kamera. Ya pili, saa zote zinazosubiri mnunuzi nazisimamisha kwenye saa nne na dakika kumi. Mishale inakuwa imenyanyuka juu huku na huku kama mtu aliyepata habari njema, na mteja hupenda saa yenye furaha. Ubaya wake ni kwamba ukutani kwetu ni saa nne na dakika kumi kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, na kila anayeingia lazima aulize, "Fundi, mbona saa zako zimekufa?"

Mwalimu hakuuliza. Aliingia siku hiyo mrefu, mwembamba, kiwiko cheupe kwa vumbi la chaki, akatazama ukutani, akatazama mkononi mwake, akasema, "Saa zako zote ziko sawa."

Nilitaka kumwambia asinitanie. Nikachungulia saa yangu. Ilikuwa saa nne na dakika kumi barabara. Shule iko ng'ambo ya barabara, mapumziko yao huanza saa nne, na dakika kumi ndizo zilizomtosha kukusanya madaftari na kuvuka. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii, hakuna mteja aliyewahi kuniambia saa zangu ziko sawa. Nikakohoa tu.

"Dada," alimwambia mdogo wangu, "nataka kamera. Nasafiri kwenda ng'ambo, kozi ya walimu, wiki sita. Mimi nafundisha jiografia. Miaka ishirini na mbili nafundisha theluji na sijawahi kuiona. Naichora ubaoni kwa chaki nyeupe."

"Si chaki nyeupe ndiyo inayofaa?"

"Inafaa, ila wanafunzi wanasema theluji yangu inafanana na mawingu, na mawingu yangu yanafanana na kondoo. Wameniagiza nisirudi bila picha. Sasa swali langu ni hili: ninunue hapa, au ninunue huko huko?"

Muuzaji yeyote mwenye akili zake angekuwa ameshafungua boksi. Lakini mdogo wangu ana ugonjwa mmoja, nao ni ukweli. Akiulizwa, anajibu. Ndoa yake iliisha miaka mitano iliyopita kwa sababu mume hakuweza kuishi na mtu anayejibu, na tangu hapo dada yangu alikuwa anacheka kwa adabu tu, kicheko cha kaunta, cha kumshukuru mteja. Kile kicheko chake cha utotoni, kilichokuwa kinamfanya mama aache sufuria jikoni aje aone kuna nini, sikuwa nimekisikia tena. Nilikuwa nakitamani kuliko ninavyoweza kueleza.

"Ningekuwa wewe," alisema, "ningenunua huko. Bei iko chini, na aina ni nyingi."

Niling'ata bisibisi.

"Ila ukinunua hapa utakuwa umeshaizoea kabla hujapanda ndege. Na ikileta shida unairudisha kwangu, waranti mwaka mmoja."

"Kwa hiyo ninunue hapa?"

"Nimesema ningekuwa wewe ningenunua huko."

"Ngoja nikafikirie," alisema mwalimu, na saa nne na dakika ishirini akaondoka.

"Huyo ndiyo basi," nikamwambia dada yangu. "Umemfukuza kwa heshima zote."

Kesho yake, saa nne na dakika kumi, mlango ukafunguka. Safari hii alikuwa na daftari la mistari, na ndani yake maswali yenye namba. Swali la kwanza, kifuniko cha lenzi kinafungukaje. Swali la pili, nikisahau kukifungua itakuwaje. Swali la nne, baridi ikiwa kali betri inafanyaje.

"Inachoka upesi," dada yangu alijibu. "Unaiweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na kifua."

Mwalimu akaandika, midomo ikimchezacheza: karibu na kifua.

Maneno matupu hayatoshi kumfundisha mtu kamera, kwa hiyo dada yangu akampa ile ya kujaribia, nyeusi, iliyofungwa mezani kwa kamba ili isiote miguu. Ajaribu kupiga nini? Dukani mlikuwa na saa zilizosimama, mlikuwa na mimi, na mlikuwa na dada yangu. Akaanza kumpiga dada yangu.

"Kaa hivyo hivyo, dada. Hapana, usikae. Endelea na kazi."

"Nisikae au nikae?"

"Jifanye sipo."

"Mwalimu, urefu huo nitajifanyaje haupo?"

Siku ya tatu akaja. Siku ya nne akaja. Siku ya tano dada yangu aliamkia dukani na hereni ambazo mimi nilidhani zilishapotea tangu enzi za mume wake. Siku ya sita nilimwona saa nne kasoro dakika tano anafuta kioo cha meza, kioo ambacho alikuwa amekifuta saa tatu na nusu, na saa mbili pia. Nikamuuliza anatafuta nini humo ndani. Akaniambia niangalie upande wangu wa mkanda.

Siku ya saba lilikuja swali la kumi na tisa. Mwalimu alilisoma huku anaangalia daftari tu.

"Je, kamera hii inaweza kumpiga mtu akicheka, bila kumwambia acheke?"

"Inaweza," dada yangu alisema, "ukimchekesha."

Mwalimu akafikiri. Akageuza daftari, akachomoa kalamu, akachora theluji yake. Akamwonyesha. Nami nilinyoosha shingo nikaona: walikuwa kondoo. Wengi, wanene, mmoja ana masikio kabisa. Na dada yangu akacheka. Kile chenyewe, cha zamani. Kilianzia chini, kikapanda, kikajaa chumba chote mpaka vioo vya saa vikaitikia, na kamera ikawa inalia tu klik, klik, klik. Skrubu ya mteja iliniponyoka ikaanguka sakafuni na wala sikuinama kuitafuta. Nilifurahi mpaka macho yakaniwasha.

Lakini furaha haikunifanya nisahau kazi. Jumatano nikaona potelea mbali, nikauliza.

"Mwalimu, unasafiri lini?"

"Jumamosi, fundi."

"Basi nunua."

Wote wawili wakanigeukia kama nimetukana. "Kaka," dada yangu akasema kwa ile sauti ya mama, "mteja ana haki ya kufikiri." Mteja akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, haki anayo, na akauliza tena kifuniko cha lenzi kinafungukaje. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Ijumaa, siku ya kumi na moja na ya mwisho, dada yangu alikuja na karatasi. Alikuwa ameandika bei za hapa upande mmoja na za huko upande wa pili, kila kitu mpaka mkoba na kamba ya shingoni. Mwalimu alipoingia alimwekea mbele yake na kumweleza moja baada ya nyingine, haraka haraka, bila kumtazama. Alipofika chini, mwalimu alikuwa ameshafunga daftari.

"Sawa, dada," alisema. "Umenishawishi. Nitanunua huko."

Akanipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akampa na dada yangu mkono, akausahau kidogo mle mkononi mwake, akaukumbuka, akatoka. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nne. Alikuwa amebakiwa na dakika sita nzima za mapumziko.

Dada yangu akaketi kwenye boksi la betri.

"Nimefanya nini, kaka?"

"Umeuza kamera ya duka la watu wengine."

"Sikudhani angekubali!"

"Siku kumi na moja unamwambia anunue huko, halafu hukudhani angekubali?"

"Akishanunua hapa, atarudi kufanya nini?" Alikuwa karibu kulia, na huku anataka kucheka. "Mtu hanunui kamera mbili. Nilitaka aendelee kuja kubishana."

Nilivua lenzi yangu ya jichoni nikaisukuma juu ya paji la uso, ili nimwone vizuri huyu binadamu niliyezaliwa naye tumbo moja.

"Na yeye, unadhani kwa nini hakununua?"

"Labda anapenda kuuliza."

"Labda! Mtu aliyesoma mpaka akawa mwalimu anauliza mara tatu kifuniko kinafungukaje! Kifuniko hicho hata kuku angekifungua!"

Alinitumbulia macho. Nikaona jambo lile linamwingia taratibu, kuanzia kwenye hereni kwenda ndani. Lakini alipoinuka hakwenda mlangoni. Alibaki ameshika karatasi yake ya bei, anasema hawezi, atamwambiaje, yeye ni mwanamke wa duka, watu watasema nini, na mtu mwenyewe kesho hayupo.

Basi kengele ya shule ilipolia, nikachukua koleo, nikakata kamba ya kamera ya kujaribia, nikatoka mbio.

Sijakimbia tangu nikiwa na meno yote. Nilivuka barabara magari yananipigia honi, nikapita geti la shule, nikafuata sauti ya mwalimu mpaka darasa la mwisho. Nilipoingia, darasa zima likasimama.

"Shikamoo!"

"Marahaba, kaeni."

Hawakukaa, walikuwa wanashangaa lenzi iliyobaki katikati ya paji la uso wangu. Ubaoni palikuwa na kondoo sita. Mwalimu alikuwa ameshika chaki hewani.

"Mwalimu," nikasema nikihema, "nimekuja kuuza kamera."

"Lakini fundi, nimeshaamua kununua huko."

"Huko hawana hii."

Nikaiwasha ili niiweke saa, maana hata nikiwa nakata roho siwezi kuacha utaratibu wangu. Badala ya saa zikafunguka picha. Dada yangu anafuta meza. Dada yangu anaandika risiti. Sikio la dada yangu, na hereni. Dada yangu anacheka, anacheka, anacheka, amefunika mdomo, ameachia mdomo. Picha sitini na tatu za dada yangu, na moja ya kiwiko changu, bila shaka kwa bahati mbaya. Sikuwa nimewahi kumwona dada yangu kama alivyomwona yule bwana.

Nikamsogelea, nikashusha sauti. "Kwa kawaida ya kujaribia hatuuzi. Lakini hii imejaa dada yangu, na sina mteja mwingine wa kumuuzia."

Mwalimu alibadilika rangi mpaka masikio. Nilidhani nilikuwa nimenong'ona, kumbe mbio zilikuwa zimeniziba masikio, maana kutoka mbele kabisa msichana mmoja akapiga kelele, "Mwalimu ana mchumba!" na darasa likalipuka, madawati yakapigwa, mtu akaanza kuimba. Katikati ya zogo lile mwalimu akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na kifua, akatoa bahasha. Bei yetu ilikuwa imo kamili. Alikuwa ametembea nayo siku zote kumi na moja.

"Waranti mwaka mmoja," nikamwambia nikiweka saa ya kamera kwa kufuata ya mkononi mwangu, mpaka sekunde. "Sharti ni moja. Kamera inarudishwa na mwenyewe, kwa mkono wake, dukani."

"Nimeelewa, fundi."

"Mwalimu, umeelewa kweli?"

"Nimeelewa," akasema, na akacheka kama mtu aliyefunguliwa vifungo vya shati.

Nilirudi dukani nikitembea kwa maringo. Dada yangu aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia. Akauliza kama mwalimu ameziona picha. Nikamjibu amezipiga yeye, ataachaje kuziona. Akauliza amesema nini.

"Amesema ameelewa."

"Halafu?"

"Halafu nimerudi."

"Risiti umempa?"

Sikumpa. Risiti ndiyo yenye namba yetu ya simu. Dada yangu alinichapa na kitambaa cha kufutia meza, na hakusema na mimi mpaka Jumatatu.

Wiki sita ni nyingi. Hakuna simu iliyokuja, na ingekujaje? Nikamshauri akaulize shuleni namba ya mwalimu. Akasema, "Niende nikaulize kama nani?" Kila siku saa nne na dakika kumi alikuwa anainua macho mlangoni, anashusha, anaendelea na mteja. Hereni hazikutoka, lakini kicheko kilirudi kuwa cha kaunta. Nikaanza kuogopa. Nilijiambia labda yule bwana ameshaonyesha picha zile huko na kuzifuta, labda kuna muuza kamera mwingine mwenye kifuniko cha lenzi. Nilijilaumu kwamba nimemchezea dada yangu moyo kwa kiherehere changu.

Jumatatu ya wiki ya saba kengele ya mapumziko ililia ng'ambo ya barabara. Dada yangu akachukua kitambaa. Mimi nikajifanya nina saa ya kufungua. Dakika kumi sijawahi kuziona ndefu kama zile, na nimeziona dakika nyingi.

Mlango ukafunguka. Midomo imepasuka kwa baridi, kiwiko kimeshapata chaki tayari, daftari kwapani.

"Nimekuja kwa ajili ya waranti," alisema. "Kamera ina kasoro."

Dada yangu aliweka kitambaa chini. Akashika sauti yake ya kazi kwa mikono miwili. "Kasoro gani?"

"Picha zangu zote za theluji zina giza."

Akaipokea, akaiwasha. Zile sitini na nne za kwanza, pamoja na kiwiko changu, zilikuwa bado zipo. Aliziruka upesi, shingo ikipata joto. Halafu likaja dirisha. Dirisha jeusi, taa moja ya barabarani, na chini kitu cheupe kidogo. Picha iliyofuata, dirisha lile lile. Iliyofuata, lile lile.

"Mwalimu, ulikwenda ng'ambo kupiga dirisha?"

Mimi nilikuwa nimeshavuka mkanda mwekundu. Nikashusha lenzi yangu, nikasoma namba za njano kwenye kona ya picha. Saa nne na dakika kumi. Iliyofuata, saa nne na dakika kumi. Siku arobaini na mbili, picha arobaini na mbili, dakika ile ile.

"Hukubadilisha saa," nikamwambia. "Hii ni saa ya hapa, niliyokuwekea mimi. Huko si wako nyuma yetu kwa saa tatu? Basi huko ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi, na kipindi cha baridi saa hizo kwao bado giza."

"Najua, fundi," alisema kwa upole. "Mimi ni mwalimu wa jiografia."

"Sasa kwa nini hukupiga mchana?" dada yangu akauliza.

Mwalimu alitazama kioo cha meza, kilichokuwa kinang'aa kwa kufutwa mara nne. "Mchana wa huko, hapa saa nne inakuwa imeshapita." "Kila siku kamera ikifika saa nne na dakika kumi, nilikuwa nawaza kwamba sasa ningekuwa naingia mlangoni hapa. Huko mlango wenu hamna. Nikawa napiga dirisha."

Kidole cha dada yangu kiliendelea kubonyeza, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Dirisha, dirisha, dirisha. Akaongeza kasi. Na hapo wote watatu tukaiona. Giza lilikuwa linapungua. Jeusi likawa la buluu, buluu ikafifia, likatokea paa la nyumba, likatokea tawi la mti. Kila siku asubuhi ya huko ilikuwa imewahi kidogo kuliko jana yake. Theluji ikaanza kuonekana kwenye paa, kwenye tawi, kwenye ukuta, nyeupe, nyeupe zaidi, na picha ya mwisho jua lilikuwa limefika dirishani na vyote vinametameta mpaka tukafinya macho.

"Kumekucha," dada yangu akasema.

Akarudi mwanzo, akabonyeza tena haraka haraka, kukakucha tena, na safari hii akacheka. Kile kicheko. Mwalimu alikitazama kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani na kusikia amefaulu.

"Hii huwezi kuichora kwa chaki," dada yangu alimwambia akijifuta macho. "Kawaonyeshe wanafunzi wako. Kamera yako haina kasoro yoyote."

"Nashukuru." Akafungua daftari. "Basi limebaki swali moja. La thelathini na mbili." Akanyoosha mgongo, akasoma kwa sauti ya mwalimu anayekaguliwa. "Je, mwenye duka, ambaye kwa siku kumi na moja amemvumilia mteja asiyenunua..."

"Ndiyo," akasema dada yangu.

"Sijamaliza kusoma."

"Maliza. Jibu ni hilo hilo."

Ng'ambo ya barabara kengele ililia kwamba mapumziko yamekwisha. Mwalimu hakusogea. Alikuwa bado ameweka kidole kwenye mstari, anatafuta alipofikia. Nami nilirudi upande wangu wa mkanda, nikachukua bisibisi, na sikusema neno lolote kuhusu kupoteza muda.